Meza Moja, Maswali Yale Yale: Jinsi ya Kuwahoji kwa Haki Wanaoomba Kazi

Maneno ya afisa wa eneo mbele ya wanakomite wapya wa uteuzi, wenyeji pamoja na familia zilizohama makwao, katika komini ya Bulengera, mjini Butembo



Mmechaguliwa na watu wenu ili mketi mezani na kuwauliza maswali watu wanaoomba kazi. Kwa wengi wenu hii ni mara ya kwanza. Ninyi mmezoea kuulizwa. Mmeulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, mmeulizwa na wanaoandika orodha za chakula, mmeulizwa hospitalini na shuleni. Mnajua vizuri jinsi mtu anavyojisikia akiulizwa kwa dharau, na jinsi anavyojisikia akiulizwa kwa heshima. Leo kalamu imehamia upande wenu, na ujuzi huo mlio nao ni mtaji mkubwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili tusipotee. Tuseme shirika linatafuta waandikishaji wa familia. Ni kazi ya wiki mbili tu: kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza familia ina watu wangapi, wametoka wapi, wanaishi kwa nani, na kuandika yote kwenye fomu. Mshahara si mkubwa. Lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi, na kila mmoja ana watoto nyumbani.

Kwa nini kazi ya wiki mbili inaweza kuleta ugomvi

Bulengera ni moja ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba. Tangu mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni mwezi Oktoba 2014, familia nyingi zimefika hapa zikiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mwaka 2024 zikaja nyingine kutoka upande wa kusini wa Lubero, baada ya M23 kuingia Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi Juni. Wengi wao hawakuingia kambini. Walipokelewa katika nyumba za ndugu, za marafiki na za wakristo wenzao, au walipanga chumba kimoja.

Maana yake ni nini kwetu sisi tunaoketi mezani? Maana yake ni kwamba mwenyeji aliyempa mgeni chumba, na mgeni aliyelala katika chumba hicho, wote wawili wanaweza kuomba kazi ile ile siku ile ile. Mmoja akiipata bila sababu inayoeleweka, jioni wanarudi kula chungu kimoja. Mwenyeji atasema, «Hawa wageni wanapewa kila kitu.» Mgeni atasema, «Wenyeji wanapeana kazi wao kwa wao.» Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo hujengwa ndani ya nyumba zetu.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushuhuda. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kutoka Mangina, ukafika Beni, ukafika Katwa na Butembo. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2.287. Pesa nyingi ziliingia, na kazi nyingi zikatolewa. Wengi wenu mnakumbuka maneno ya wakati ule: kwamba kazi zinapewa watu kutoka mbali, kwamba vijana wa hapa wanaachiwa kubeba mizigo, kwamba Ebola imekuwa biashara. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sisemi kwamba sababu ilikuwa kazi peke yake. Kulikuwa na vikundi vyenye silaha, na kulikuwa na hasira ya uchaguzi wa Desemba 2018 ulioahirishwa kwetu hadi Machi 2019. Lakini manung'uniko juu ya kazi yalikuwa kuni kavu, na mwenye kiberiti hakuwa mbali.

Kuna jambo zito zaidi, na nitalisema waziwazi kwa sababu mama na dada zetu wamo humu. Mwezi Septemba 2020 waandishi wa habari walitoa uchunguzi wao kutoka Beni: wanawake 51 walieleza kwamba watu waliojitambulisha kama wafanyakazi wa misaada waliwatumia kingono au waliwadhulumu, na wengi wao walisema ilikuwa sharti la kupewa kazi. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger pamoja na Julienne Lusenge, mwanamke wa nchi yetu. Ripoti yake ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilihesabu washukiwa 83, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe.

Angalieni vizuri mlango ambao uovu huo uliingilia. Mara nyingi uliingilia kwenye mazungumzo ya kuomba kazi: mtu mmoja mwenye uwezo wa kutoa kazi, mtu mmoja mwenye shida, mlango umefungwa, na hakuna karatasi inayoonyesha nani alichaguliwa kwa nini. Kwa hiyo tunapojifunza kuhoji vizuri, tunafunga mlango huo.

Kwanza: kabla ya kuita jina la kwanza

Kazi kubwa ya mhoji hufanyika kabla mwombaji hajafika. Ketini pamoja mjiulize: mtu huyu atafanya nini hasa, saa kwa saa? Mwandikishaji atasoma fomu, ataandika bila kukosea, atasema na mzee na mtoto, atatunza siri, na atakataa kuandika uongo hata akiombwa na shemeji yake. Basi, hayo ndiyo mtakayoyatafuta. Kama kazi haihitaji diploma ya Serikali, msiidai, kwa maana mtawafukuza mlangoni watu wanaoiweza. Kama kazi inahitaji Kinande, semeni hivyo katika tangazo. Kama haihitaji, lugha isitumiwe kuwachuja waliotoka upande mwingine.

Kisha andikeni vipimo na alama kabla ya kuona orodha ya majina. Mkiandika baada ya kuona majina, vipimo vitaanza kufanana na mtu fulani. Gawanyeni alama kutoka 1 hadi 5, na mwandike kila alama inamaanisha nini. Kwa mfano, juu ya kutunza siri: anayepata 1 hawezi kueleza kwa nini siri ni muhimu, anayepata 3 anaeleza, lakini hana mfano kutoka maisha yake, anayepata 5 anatoa mfano wa kweli na kueleza alifanya nini alipobanwa aseme. Bila maelezo hayo, 4 ya Papa mmoja ni 2 ya Mama mwingine, na hamtaelewana.

Tangazo libandikwe ofisini kwa kartye, kanisani, sokoni na kwenye kisima, na lisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Liseme wazi kwamba kuomba kazi ni bure. Anayedai franga hata mia moja kwa ajili ya fomu anavunja utaratibu, hata kama ni mmoja wetu.

Mezani waketi watu watatu. Watano ni wengi. Mwombaji ataona kama yuko mahakamani. Kati ya hao watatu awemo mwanamke, awemo mwenyeji, na awemo aliyehama. Mahali pawe chumba ambacho mlango wake unabaki wazi, ili walio nje waone lakini wasisikie. Mahojiano hayafanywi nyumbani kwa mtu, wala hotelini, wala usiku, wala na mhoji mmoja peke yake. Sharti hili halina msamaha, hata mvua ikinyesha.

Pili: mpokeeni mtu kama mtu

Mwombaji akiingia, simameni, msalimieni, mpeni kiti kilicho sawa na vyenu. Semeni majina yenu. Mwambieni: tutazungumza kwa dakika thelathini, tutakuuliza maswali sita, kila mmoja anaulizwa maswali yale yale, tutaandika wakati unapozungumza ili tusisahau, na jibu litatoka siku fulani. Mtu anayejua njia inaelekea wapi hutembea vizuri.

Simu zizimwe. Msile mezani. Msinong'onezane. Na msihoji zaidi ya watu saba au wanane kwa siku moja. Yule wa kumi na mbili, aliyetembea kwa miguu tangu alfajiri, hakutembea ili aje kukutana na sikio lililolala.

Tatu: maswali yanayofungua na maswali yanayofunga

Mhoji mpya huuliza, «Wewe ni mwaminifu?» Nani atajibu hapana? Swali hilo limefungwa. Linakupa neno moja, na neno hilo halikufundishi kitu. Badala yake sema: «Tueleze siku ulipotunza pesa au mali ya watu wengine. Ilikuwa nini? Ulifanya nini ili isipotee? Wenye mali walijuaje kwamba imebaki yote?» Mama aliyewahi kuwa mtunza pesa wa likelemba atakueleza daftari lake, atakueleza siku mtu alipochelewa kutoa, atakueleza alivyomwambia. Hapo umemwona akifanya kazi.

Ulizeni juu ya jambo lililotendeka, kwa sababu maoni ni rahisi kuyatunga. Baada ya jibu la kwanza, fuateni kwa maneno mafupi: «Halafu?» «Kwa nini uliamua hivyo?» «Mwisho wake ulikuwaje?» Na jifunzeni kunyamaza. Mtu akimaliza kusema, hesabuni moyoni hadi tano kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi jambo la maana huja katika kimya hicho.

Kuna jambo la desturi yetu linalohitaji uangalifu. Sisi tumelelewa tusijisifu. Ukimwuliza mtu alifanya nini, atajibu, «Tulifanya hivi, tulikwenda pale.» Hiyo ni adabu, wala si kuficha. Lakini wewe unahitaji kujua sehemu yake. Muulize kwa upole: «Na wewe mwenyewe, katika kazi hiyo, mkono wako ulikuwa upi?» Hali kadhalika, kijana anayeinamisha macho mbele ya wazee, au mama anayesema kwa sauti ya chini mbele ya wanaume, hamkosei heshima wala hana shaka. Msimwandike «hajiamini». Andikeni alichosema.

Mnaweza pia kutoa tatizo na kuomba jibu: «Mimi ni mama wa nyumba ya kwanza utakayofika. Nina watoto watano. Ninakuomba uandike wanane, na mimi ni shemeji yako. Utaniambia nini? Niambie sasa, kana kwamba niko mbele yako.» Msikilize anavyokataa. Atakayekataa kwa matusi ataleta ugomvi kwenye kartye. Atakayecheka na kukubali ataharibu orodha, na mwisho wake familia nyingine italala njaa. Anayekataa na bado shemeji akabaki shemeji, huyo anaweza kazi.

Nne: aliyepoteza vyeti

Hapa kwetu swali hili haliepukiki. Mtu amekimbia usiku, nyumba imeungua, cheti cha shule kimebaki ndani. Tukimwambia «lete diploma», tunamwadhibu mara ya pili kwa sababu ya kushambuliwa. Tukimwamini kwa maneno tu, tunamdhulumu aliyehangaika kutunza vyeti vyake. Njia ya haki ni kumpa kila mwombaji, mwenye vyeti na asiye navyo, jaribio moja la kazi yenyewe.

Kwa waandikishaji, andaeni hadithi fupi ya familia ya kubuni: baba, mama, bibi mgonjwa, watoto wanne, na mtoto mmoja wa jirani aliyepotezana na wazazi wake. Isomeni polepole kwa sauti. Mwombaji ajaze fomu kwa dakika kumi. Kisha hesabuni: ameandika watu wangapi? Mtoto wa jirani amemweka wapi? Umri umesomeka? Karatasi hiyo itawaambia mengi kuliko sahihi ya mkuu wa shule.

Kama mnahitaji ushuhuda wa mtu anayemfahamu, tafuteni mwalimu, muuguzi au kiongozi wa kanisa kutoka kijiji chake. Lakini ombeni ruhusa ya mwombaji kwanza. Kuna watu wamekimbia mume mkali, au wamekimbia kikundi kilichotaka kuwaandikisha. Kupiga simu bila ruhusa kunaweza kumwonyesha adui mahali walipo.

Tano: maswali ambayo hatuulizi

Hatuulizi kabila, dini wala chama. Hatumuulizi mwanamke kama ameolewa, kama ana mimba, au nani atabaki na watoto. Kama tuna wasiwasi juu ya saa za kazi, tunawaambia wote, wanaume kwa wanawake: «Kazi inaanza saa moja asubuhi na inaisha saa kumi, siku sita kwa wiki. Unaweza?» Inatosha.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inasema kwamba mtu asidhulumiwe katika kazi kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake wala hali yake ya maisha. Nazo Kanuni za Mwongozo kuhusu watu waliohama ndani ya nchi yao, zilizotolewa katika Umoja wa Mataifa mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 22 kwamba aliyehama asibaguliwe katika haki ya kutafuta kazi kwa uhuru. Mkiulizwa mnatoa wapi masharti haya, jibu ni hilo.

Na kuna swali moja ambalo huulizwa kwa huruma lakini huumiza: «Tueleze yaliyokupata huko.» Msiulize. Hatupimi machozi. Mtu asilazimike kuwafufua wafu wake mbele ya wageni watatu ili apate kazi ya wiki mbili. Kama yeye mwenyewe ataanza kueleza, msikilizeni, mpeni maji, mpeni muda, mwambieni pole, kisha muulizeni kama anataka kuendelea sasa au baadaye. Wala msimwongezee alama kwa sababu ya msiba wake, wala msimpunguzie kwa sababu alilia. Kwa kuwa karibu kila mwombaji ana msiba, tukianza kuupima tutawapanga watu kwa mizani ambayo hakuna binadamu anayeweza kuishika.

Sita: kalamu kabla ya mdomo

Mwombaji akitoka, kila mhoji aandike alama zake peke yake, kimya, kabla ya mtu yeyote kusema «huyu ni mzuri». Kwa nini? Kwa sababu kwetu mzee akisema kwanza, vijana hukubali. Chef akitabasamu, wengine hutabasamu. Tukiandika kwanza, kila sauti inabaki na uzito wake. Baadaye tunalinganisha. Mkitofautiana kwa alama moja, si neno. Mkitofautiana kwa alama mbili au zaidi, rudini kwenye maandishi na muulizane: alisema nini hasa kilichokufanya uandike 5? Anayejibu «nilimpenda tu» abadilishe alama yake.

Hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa askari wao alama. Aliona kwamba aliyependwa kwa jambo moja alipewa alama nzuri katika mambo yote, hata yasiyohusiana. Ndivyo ilivyo na sisi: kijana mwenye shati lililopigwa pasi na Kifaransa kinachoteleza anaonekana mwaminifu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, wakaonyesha kwamba mahojiano yenye maswali yaliyopangwa na alama zilizokubaliwa hutabiri kazi nzuri kuliko mazungumzo ya ovyo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo. Walipunguza makadirio mengi, lakini mahojiano yaliyopangwa ndiyo yaliyoshika nafasi ya kwanza kati ya njia walizolinganisha. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba maswali yale yale kwa wote ni urasimu wa wazungu, mwambieni kwamba ni njia iliyopimwa, na kwamba inamlinda mtoto wake kama inavyomlinda wa jirani.

Saba: ndugu yangu yumo katika orodha

Butembo ni mji mkubwa, lakini kartye ni ndogo. Siku moja orodha itakuwa na jina la mdogo wako, la binti wa aliyekupa chumba, au la mkristo mwenzako. Hilo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Siku orodha inaposomwa, kila mhoji aseme uhusiano wake, uandikwe, na atoke chumbani wakati mtu huyo anahojiwa. Wekeni mjumbe wa akiba kwa ajili ya hilo. Kufanya hivyo hakumvunjii ndugu heshima. Kunamsaidia, kwa sababu akichaguliwa, hakuna atakayesema alibebwa.

Vipi kuhusu kikaratasi kutoka kwa mkubwa: «Nisaidie huyu»? Kipokeeni kwa adabu, kiwekeni katika bahasha ya mambo yasiyohesabiwa, na mjibu wote pamoja, kwa jina la komite: «Asante, Papa, mtu huyo ataulizwa kama wengine.» Asijibu mtu mmoja peke yake, maana mmoja ni rahisi kumvunja.

Pia mnajua kile ambacho watu huita kwa Kifaransa opération retour: mshahara ukipokelewa, sehemu inarudi kwa aliyekupa kazi. Matabishi ya namna hiyo ni wizi, hata yakiitwa shukrani. Na kuhusu kudai mwili wa mtu kwa ajili ya kazi, Umoja wa Mataifa ulikataza hilo kwa wafanyakazi wake kwa maandishi tangu mwezi Oktoba 2003, mashirika mengi nayo yana masharti kama hayo, na sheria ya nchi yetu namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu unyanyasaji wa kingono. Mwishoni mwa kila mahojiano mwambieni mwombaji: «Mtu yeyote akikudai pesa au kitu kingine kwa ajili ya kazi hii, hata kama ni mmoja wetu, hapa ndipo pa kushtaki.» Na mumwonyeshe mahali hapo, pasipokuwa mikononi mwa komite yenu wenyewe.

Nane: jibu kwa aliyekosa

Wengi watakosa. Haki yenu itapimwa na hao, si na waliopata. Msiwaache wasikie habari sokoni. Kila mmoja apate jibu siku mliyoahidi, kwa mdomo au kwa simu, na aambiwe jambo moja la kweli analoweza kulifanyia kazi: «Katika fomu uliwaacha watu wawili», au «Hukutupa mfano wa kutunza siri». Bandikeni vipimo na jumla ya nafasi. Alama na majina ya waliokosa visibandikwe. Wapeni watu siku kadhaa za kulalamika, na malalamiko yasomwe na mtu asiyekuwa mezani.

Na tunzeni karatasi. Maandishi yenu yana majina, simu na vijiji. Katika mkoa wetu, orodha ya watu na mahali walikotoka inaweza kuua ikianguka katika mikono mibaya. Sanduku moja, funguo mbili kwa watu wawili, na siku ya kuchoma ikubaliwe mapema.

Wazazi wangu, ndugu zangu, najua mtasema: haya yote kwa kazi ya wiki mbili? Ndiyo. Kazi itakwisha baada ya wiki mbili, lakini watu watakumbuka miaka mingi kama waliulizwa kwa haki. Mgeni aliyekosa kazi na akaelewa kwa nini, atarudi katika nyumba ya mwenyeji wake bila kinyongo. Mwenyeji aliyekosa naye atafungua mlango. Sisi hatuna uwezo wa kuzima bunduki za msituni. Lakini ufa wa kwenye meza hii uko ndani ya uwezo wetu kabisa.

Kabla hatujagawanyika katika vikundi, ninawaachia maswali haya ya kujadili:

1. Katika kartye yenu, ni nani ambaye tangazo la kazi halimfikii kamwe? Mtalifikishaje kwake?

2. Chukueni swali moja lililofungwa mliloulizwa ninyi wenyewe mlipoomba kazi au msaada. Lifungueni.

3. Chef anayeheshimika amewaletea kikaratasi. Andaeni jibu la komite, kisha mlisome kwa sauti, mmoja akiwa chef.

4. Ni nani katika eneo lenu anaweza kupokea malalamiko ya mama asiyetaka kuonekana akilalamika?